Mtoto Kiziwi Apewe Lugha Mapema

Tangu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006, elimu ya maandalizi imehesabiwa kuwa sehemu ya elimu ya lazima katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, wapo watoto wanaofika katika mlango wa skuli ya maandalizi wakiwa hawana lugha yoyote. Watoto hao ni viziwi, na leo tunapenda kuwasemea, kwa kuwa umri wao wa kupokea lugha ni mfupi na haungoji vikao.

Mtoto anayesikia huanza kuizoea sauti ya mama yake tangu yumo tumboni. Akifikia umri wa miaka minne huwa anauliza, anabisha, anasimulia, na pengine hata anadanganya. Yote hayo ameyaokota jikoni, barazani na mchezoni, bila ya mwalimu wala ubao. Mtoto kiziwi katika nyumba ya watu wanaosikia hana pa kuyaokota. Huona kwamba baba hayupo, lakini hawezi kuambiwa kuwa amekwenda dago na atarudi baada ya siku tatu. Huumwa, asiweze kueleza maumivu yalianza lini. Akitendewa uovu, hana njia ya kumweleza mama yake yaliyomfika. Watu humwita bubu na kumdhania kuwa hana akili, na kumbe akili anayo. Alichokikosa ni lugha ya kuilea akili hiyo.

Wataalamu wameonyesha kuwa mtoto kiziwi wa wazazi viziwi wanaotumia lugha ya alama hupiga hatua za lugha katika umri ule ule wa wenzake wanaosikia. Hubwabwaja kwa vidole, kisha hupata maneno, kisha sentensi. Lakini mtoto anayecheleweshwa mpaka miaka saba au kumi ndipo aonyeshwe alama ya kwanza, kwa kawaida hamfikii yule aliyeanza utotoni, hata akipata mwalimu hodari. Wazee wetu walisema udongo uwahi ungali maji, na hapa usemi huo una ukweli wote.

Tatizo ni kuwa watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa hesabu za Marekani, idadi yao ni zaidi ya tisa katika kila kumi. Mama hawezi kumpa mwanawe lugha ambayo yeye mwenyewe haijui. Basi kumfundisha mtoto huyu ni kuifundisha nyumba nzima: mama, baba, bibi, na ndugu anaocheza nao.

Mipango yetu mizuri yaweza kumwacha nje mtoto huyu bila ya mtu yeyote kukusudia. Kuanzia mwaka 2006, vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze viliwafikishia masomo watoto wengi wa shamba wasiokuwa na skuli ya maandalizi jirani. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, lakini redio haina la kumwambia kiziwi. Hali kadhalika, kumkalisha mtoto kiziwi miongoni mwa wanafunzi arubaini, mbele ya mwalimu asiyejua alama hata moja, hakustahili kuitwa elimu mjumuisho. Huko ni kumtenga akiwa ndani ya darasa.

Wapo wazazi wanaoogopa kwamba alama zitamzuia mtoto asijitahidi kusema. Hofu hiyo ni kongwe. Mwaka 1880 waalimu wa viziwi walikutana mjini Milan, Italia, wakaazimia kuwa mafunzo yawe kwa kinywa na lugha ya alama iachwe. Vizazi vya watoto vikaadhibiwa kwa azimio hilo. Mwaka 2010 mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, ulieleza majuto kwa madhara yaliyotokana nalo. Msimamo wetu ni huu: mtoto atakayefaidika na kifaa cha kusaidia kusikia akipate, na awezaye kutamka afundishwe kutamka, lakini asikae bila ya lugha wakati kifaa kinatafutwa.

Wala isisemwe kwamba kijiji kizima hakiwezi kujifunza. Watu wa kisiwa cha Martha's Vineyard, pwani ya mashariki ya Marekani, waliishi hivyo kwa zaidi ya miaka mia mbili. Katika kijiji cha Chilmark, karne ya 19, mtu mmoja kati ya kila ishirini na watano alikuwa kiziwi, na wenyeji wenye kusikia waliijua lugha ya alama tangu utotoni. Viziwi walivua, walilima, walioa na kuolewa, na walishiriki katika mambo ya kijiji kama wengine. Sisi nasi ni watu wa visiwa, tunaojuana nyumba kwa nyumba. Hatuna sababu ya kushindwa.

Sheria si haba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unazitaka nchi ziwezeshe kujifunza lugha ya alama. Zanzibar ilitunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, na mwaka 2022 ikatunga nyingine mpya. Linalotakiwa sasa ni utekelezaji, na uanzie chini.

Kwanza, usikivu wa kila mtoto upimwe mapema, anapopelekwa kliniki kwa chanjo, na anayetiliwa shaka asirudishwe nyumbani kwa maneno ya "atasikia akikua". Pili, masheha wawajue watoto hao katika shehia zao na kuwaunganisha wazazi na mafunzo. Tatu, viziwi watu wazima waajiriwe na kulipwa wawe waalimu wa lugha ya alama katika skuli za maandalizi na majumbani, kwa kuwa wao ndio wenye lugha hiyo. Nne, vyuo vya ualimu visimtoe mwalimu wa maandalizi asiyejua misingi ya lugha hiyo.

Tunatambua kwamba fedha za Serikali ni chache na mahitaji ni mengi. Lakini darasa laweza kujengwa mwakani, na barabara mwaka wa kesho kutwa. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuahirishwa. Tunawaomba Waheshimiwa Wawakilishi walikumbuke hilo watakapoijadili bajeti ya elimu, na tunawaomba wazazi wasimfiche ndani mtoto kiziwi. Wamtoe, wamtafutie lugha, nao waanze kujifunza pamoja naye.