Muuguzi wa Kijiji Atoke Kijijini

Ndugu wapenzi wa Goma, watoto wetu wakimaliza masomo ya uuguzi hawataki kutoka mjini, na sisi wazazi twafurahi. Lakini mama akishikwa na uchungu usiku kule Walikale, nani atamzalisha?

Daktari Helen Roseveare, Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1953, aliwafundisha vijana wa nchi hii uuguzi huko Nebobongo, halafu Nyankunde tangu 1966. Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi wakauawa. Shule ikahamia Beni, ikaendelea kufundisha.

Nami nasema, kila kanisa la kijiji lichague binti yake, limlipie karo, arudi kwao. Akirudi, mpeni nyumba isiyovuja na mshahara kila mwezi, si kuku na maombi tu.