Mpira Unachezwa Pia Katika Biro



Kila Jumapili twawasikia vijana wetu wakisema: mimi nitakuwa mchezaji. Hatujamsikia hata mmoja akisema: mimi nitakuwa katibu wa klabu. Si kosa lao. Nani amewaeleza kwamba kazi hiyo ipo?

Tukumbuke mwaka 2011. TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Desemba 2010 ilifika fainali ya klabu za dunia huko Abu Dhabi, ikapambana na Inter ya Milano. Hakuna klabu ya Afrika iliyowahi kufika hapo kabla yake. Sote tulitembea kifua mbele, hata sisi tusiojua kupiga mpira. Miezi michache baadaye ikawatoa Simba wa Dar es Salaam, kisha Wydad ya Casablanca. Lakini wakubwa wa Simba walikuwa wamesoma karatasi. Walilalamika kwamba mchezaji Janvier Besala Bokungu hakuwa na haki ya kucheza, kwa ajili ya mkataba wake na Espérance ya Tunis. Mwezi wa Mei Shirikisho la Mpira la Afrika likaiondoa Mazembe katika mashindano. Bingwa alitolewa na karatasi, si na mabao.

Mimi ni karani wa mgodi, na habari ile iliniuma kuliko wengi. Nikikosea tarakimu moja katika buku langu, baba wa watoto sita anapokea mshahara pungufu. Kumbe mpirani ni vile vile.

Basi nasema hivi. Timu za mitaa yetu ziwaite watu waliofanya kazi hizo, waje kusema na vijana jioni moja kila mwezi: katibu aliyeandikisha wachezaji, mtunza fedha, mganga wa timu, yule aliyeuza tiketi na kuhesabu fedha za mlangoni, yule aliyetafuta gari la kwenda Likasi wakati sanduku lilikuwa tupu. Wasije na hotuba za sifa, hizo tumeshiba. Waje na mkataba mkononi, wausome mstari kwa mstari, waonyeshe mahali kijana anapodanganywa. Na vijana wawaulize bila woga: mzee, ulikosea wapi? Ulilipwa kiasi gani? Ulianzaje?

Wengine watanijibu kwamba viti hivyo ni vya ndugu wa rais wa klabu, kujifunza ni bure. Ni kweli mara nyingi. Hata hivyo, siku klabu inapopata barua ya malalamiko ya kujibiwa kwa saa chache, ndugu wa rais asiyejua sheria humtafuta anayejua. Awepo basi mtoto wa Kolwezi anayejua.

Tena wazee hao wanatuacha mmoja mmoja, na mabuku yao yanafungia karanga sokoni.

Ukumbi si shida, jioni hata darasa la shule latosha. Mwenye kumfahamu mzee aliyeshika kalamu ya timu yoyote hapa mjini, ataje jina lake kwa kamati ya mtaa wake kabla ya Jumapili ijayo. Tuanze na mtunza fedha.