Mwanafunzi anayeishi Uvira aandikishwe Uvira

Kila mara CENI inapofungua vituo vya kuandikisha wapiga kura, mabishano yale yale yanarudi kwenye vyuo vya Uvira. Mwanafunzi ametoka Fizi, Mwenga ao Shabunda. Amekodi chumba Kalundu ao Mulongwe, anatafuta maji pamoja na majirani, na mvua kubwa ikinyesha anaiogopa mito ya mji sawasawa na wao. Ajiandikishe wapi? Nyumbani, wakubwa wa jamaa wanamwita arudi. Mjini, kuna wanaomwona kama mgeni aliyekuja kuongeza hesabu za watu wengine.

Jibu ni rahisi kuliko kelele zinazolizunguka: aandikishwe pale anapolala siku nyingi za mwaka. Kwa wengi wao, pale ni Uvira.

Wanaobishana wana sababu zao, na hazihusu masomo. Katika Kongo, viti vya bunge la taifa vinagawanywa kufuatana na hesabu ya walioandikishwa kupiga kura, wala si hesabu ya wakaaji. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa nchi nzima ilifanyika mwaka 1984, kwa hiyo orodha ya CENI ndiyo inayoshika nafasi yake. Mwaka 2023 orodha hiyo ilikuwa na watu karibu milioni 43.9 kwa viti 500, ndiyo kusema kiti kimoja kwa watu karibu elfu 88. Hapo ndipo kijana wa miaka 20 anayesoma uuguzi anageuka kuwa mali. Kila jina linalotoka kwenye orodha ya Fizi na kuingia ya Uvira linahesabiwa na watu wanaotafuta kiti, na ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kumlipia hata karo anakumbuka ghafla kumtumia pesa za safari.

Lakini kama viti vinafuata watu, basi vifuate mahali watu wanapoishi kweli. Kwa miaka mitatu ao mitano mwanafunzi anatumia barabara za Uvira, maji ya Uvira na hospitali ya Uvira. Mafuriko ya Aprili 2020 yalipobomoa nyumba, hayakumuuliza mtu kabila lake wala kijiji cha baba yake. Mbunge atakayesema bungeni juu ya kuta za kuzuia mito hiyo anamhusu huyu mpangaji kuliko mbunge wa kule anakoenda kwa Noeli tu.

Sheria nayo haimkatazi. Ile ya Desemba 2004 juu ya kuandikisha wapiga kura inaitaja kadi ya mwanafunzi kati ya vyeti ambavyo mtu anaweza kuonyesha kituoni. Inachokataza ni kujiandikisha mara mbili, na hapo wanafunzi waambiwe wazi: kuchukua kadi Uvira na nyingine Baraka ni kosa la kuadhibiwa, hata kama ni mjomba mwenye cheo aliyeshauri.

Tena kuna jambo ambalo wakubwa wa jamaa hawalipimi. Kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Kadi ya uraia ya kwanza alipewa Rais Tshisekedi tarehe 30 Juni 2023, na raia wengi mpaka sasa hawajaishika. Bila kadi ya CENI, hata ile ya 2023 ambayo maandishi yake yalianza kufutika mapema, kijana anapata taabu kwenye kizuizi cha barabarani, kwenye benki na hata kwenye kutuma pesa kwa simu. Kumwambia asubiri mpaka arudi kijijini ni kumwambia aishi bila karatasi. Mwaka 2023 vituo vya Kivu Kusini vilifunguliwa kuanzia tarehe 16 Februari, na muda uliopangwa kwanza ulikuwa siku 30. Masomo yalikuwa yanaendelea. Kutoka Uvira mpaka Lulimba na kurudi, kwa barabara ile, na vizuizi vile, ni wiki ya masomo na pesa ambazo wengi hawana.

Kwa upande mwingine, wanaopinga wana neno moja lenye uzito: siku ya kura mwanafunzi anaweza kuwa hayupo. Anayeandikishwa Februari akiwa Uvira, tarehe 20 Desemba anaweza kuwa amemaliza, ao amekosa karo na kurudi nyumbani. Kadi inamfunga kwenye kituo alichoandikwa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania iliona hali hiyo mwaka 2010. Uchaguzi ulikuwa tarehe 31 Oktoba, na kufunguliwa kwa vyuo vikuu kukasogezwa mpaka baada ya kura. Wanafunzi walioandikishwa wakiwa chuoni wakajikuta makwao, mbali na vituo vyao, na wengi hawakupiga kura. Upinzani ulilalamika sana, lakini siku ilikuwa imepita.

Hilo halionyeshi kwamba mwanafunzi aandikishwe kijijini, kwa sababu tarehe ya kura inaweza kumkuta chuoni vilevile. Linaonyesha kwamba kadi isimfunge hivyo. Hata lile neno la «huyu ni mpita njia» ni la zamani. Marekani, katika kaunti ya Waller huko Texas, ofisa mmoja aliwauliza wanafunzi weusi wa chuo cha Prairie View kama wana nyumba pale na kama watabaki baada ya masomo. Mwaka 1979 mahakama kuu ya nchi ile iliunga mkono hukumu iliyomkatalia. Mfanyakazi wa NGO aliyekuja Uvira kwa mkataba wa miezi sita haulizwi maswali hayo. Kwa nini mwanafunzi?

Vita vimezidisha haja. Februari 2025 Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, ofisi za mkoa zilihamia Uvira, na wanafunzi nao walikuwa kati ya waliokimbia. Desemba ya mwaka huo huo M23 wakaingia Uvira, watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Kijana aliyeandikwa Kadutu mwaka 2023, akahamia Uvira, kisha akalala kambini, kadi yake bado inasema Kadutu.

Uchaguzi mwingine unatarajiwa mwaka 2028, na CENI ina nafasi ya kutengeneza mambo mawili kabla. La kwanza ni njia fupi na ya bure ya kuhamisha jina, inayofanyika Uvira na Baraka kwenyewe bila kupitia Kinshasa, mwanafunzi akionyesha kadi yake ya chuo. La pili ni kura ya rais. Nchi nzima ni jimbo moja kwa kura hiyo, kwa hiyo hakuna mbunge anayepoteza wala kupata kitu. Tayari mashahidi wa vyama, waangalizi na waandishi wa habari wanaruhusiwa kupiga kura pale kazi ilipowakuta. Bunge liwaongeze wanafunzi kwenye orodha hiyo, na liifanye kazi hiyo kabla mabango ya wagombea hayajaanza kubandikwa.