Kahawa inakufa kiangazi, lakini mwuaji si jua

Lusangi – Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliokimbia vita mnaorudi kidogo kidogo kwenye mashamba yenu njia ya Kasongo na Kabambare, leo ninakuja kubishana. Kila kiangazi, miti ya kahawa ikianza kukauka, yanasikika majibu mawili tu. La kwanza: ni joto, dunia imebadilika, tufanye nini? La pili linasemwa kwa sauti ya chini: aliyebaki kijijini wakati wengine wanakimbia ndiye aliyemwaga sumu. Majibu yote mawili ni ya uongo, na la pili linaweza kumwaga damu.

Ugonjwa wenyewe una jina. Maagronomu wanauita trakeomikozi. Ni kuvu, ndugu wa kuvu nyingi zinazokaa kwenye udongo, anayeingia ndani ya mti na kuziba mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Majani yanakuwa ya manjano, yanajikunja, yanaanguka. Mara nyingi yanaanza upande mmoja wa mti, kisha mwingine. Matunda yanakuwa mekundu kabla ya wakati wake na kubaki yamekaukia matawini. Tangu dalili ya kwanza hadi mti kufa inaweza kuwa miezi michache tu, na robusta iliyokwisha kushikwa haiponi.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Kuvu huyu anastawi vizuri karibu na digrii 25. Hiyo si joto la ajabu. Ni hali yetu ya kila siku huku kusini mwa Maniema, tangu babu zetu. Baridi kali inampunguza mwendo, na joto la kupita kiasi vilevile linamchosha. Kwa hiyo anayesema kwamba jua kali ndilo linalomleta anageuza mambo kichwa chini. Kuvu anaingia hasa wakati wa mvua, kuna unyevu, watu wanalima, panga zinagusa mashina. Anakaa humo kimya. Kikija kiangazi, mwezi wa sita, wa saba, jua linavuta maji kwenye majani, mti unataka kunywa sana, na mishipa imezibwa. Ndipo unanyauka mbele ya macho yetu. Jua limeonyesha tu kazi iliyofanyika miezi mingi kabla.

Sikatai kwamba joto lina nguvu. Mti wenye kiu ni mti dhaifu. Hata kule Ufaransa, wakulima wa mizabibu wanapambana na kuvu wanaokula shina kwa ndani, na watafiti wao wanapima jinsi joto na ukame vinavyobadili ugonjwa. Lakini wale wakulima wanajua pia kwamba kuvu wao wanaingia kwa vidonda vya kukata matawi. Hawakai wakilaumu mbingu huku makasi machafu yakiwa mkononi.

Na sisi Wakongomani tuna sababu ndogo kuliko wote ya kujifanya wageni wa jambo hili. Ugonjwa ulionekana mara ya kwanza mwaka 1927 huko Oubangui-Chari, nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ulifika Kongo, ukaangamiza mashamba, kisha ukazimwa kwa kung'oa miti migonjwa na kupanda aina zinazovumilia. Halafu ulinzi ukalegea. Miaka ya 1970 na 1980 ukaamka tena kaskazini-mashariki, upande wa Isiro, ukashuka hadi Beni. Mwaka 1993 ukaonekana Uganda, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha ukafika Kagera, Tanzania. Uganda ilipoteza karibu nusu ya miti yake ya robusta. Je, joto lilitembea kutoka Isiro hadi Bukoba likipita kijiji kwa kijiji? Kilichotembea ni miche, kuni, udongo kwenye vyombo, na panga za watu.

Uganda walifanya nini? Walitafuta miti iliyobaki hai katikati ya iliyokufa, wakaizalisha kwenye kituo chao cha Kituza, wakatoa aina saba za robusta zinazostahimili. Kwetu, Leta ina ONAPAC, ambayo wazee bado wanaiita ONC. Ina INERA yenye jina kubwa la Yangambi. Basi mkulima wa Lusangi ana haki ya kuuliza: aina zinazostahimili ziko wapi, na lini zitafika huku? Kusema "mabadiliko ya tabianchi" mkutanoni hakugharimu hata franga moja. Kuleta miche mizuri kunagharimu, ndiyo maana neno la kwanza linapendwa.

Mashirika nayo yasikie. Mnagawa panga, majembe na miche kwa familia zinazorudi. Asante. Lakini mche unaotoka pepinieri isiyokaguliwa ni zawadi yenye ugonjwa ndani, na panga lisilo na maelezo ni nusu ya msaada.

Turudi kwa habari ya sumu, maana ni nzito kuliko kahawa yenyewe. Familia imekaa miaka ukimbizini, inarudi, inakuta shamba limekauka. Lazima moyo uume. Shamba lililoachwa bila mtu wa kung'oa mti mgonjwa linakuwa kiota cha ugonjwa; halihitaji adui. Ninawaomba machifu: msipokee kesi ya namna hiyo kabla ya kwenda shambani. Chukueni kisu, banduweni ganda la shina karibu na udongo. Mkiona mistari ya rangi ya bluu na nyeusi kwenye mti wenyewe, ni trakeomikozi. Hakuna jirani anayechora hiyo. Baadaye choma kile kisu.

Kwa anayerudi: mti mgonjwa ung'olewe na mizizi yake na uchomwe palepale. Ninajua kuni ni shida, na mama aliyelala chini ya maturubai haoni sababu ya kuacha mti mkavu. Lakini shina hilo likibebwa kama kuni hadi kijiji kingine, kuvu anabebwa nalo. Usiparue shina kwa jembe. Palilia kwa mkono karibu yake, au funika chini kwa majani makavu. Panga likitoka kwenye mti mgonjwa lipite motoni kabla ya kugusa mwingine. Dawa ya kupuliza usinunue, hata muuzaji akiapa, maana haiufikii ugonjwa ulio ndani ya shina. Na pale ulipong'oa, usirudishe kahawa kabla ya miezi sita kwa uchache. Panda muhogo, karanga au mahindi, nyumba ile wakati mvua inanyesha.