Samaki wa Liuli Wako Ngazi ya Ngapi?

Katika vitabu vingi vya shule mfuatano wa chakula huchorwa kama ngazi iliyonyooka: mmea, mdudu, samaki mdogo, samaki mkubwa, mtu. Mchoro huo hurahisisha somo, lakini kwa shule za Liuli, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, wapotosha. Mwanafunzi auonaye usipa ukianikwa mchangani huamini kwamba, kwa kuwa ni mdogo, uko chini kabisa, na kwamba kuuvua kwa chandarua hakumdhuru samaki mwingine yeyote.

Usipa haukai chini. Chakula chake ni vinyama vidogo vielevyo majini, ambavyo ndivyo vilavyo vijimea. Hula pia viluwiluwi vya wale wadudu warukao juu ya ziwa kwa mawingu mfano wa moshi, navyo viluwiluwi huwinda vinyama vivyo hivyo. Kwa hiyo usipa umo kati ya ngazi ya tatu na ya nne. Mbasa, apandaye mto Ruhuhu kutaga, hubadili ngazi kadiri akuavyo: akiwa mchanga hula vinyama na wadudu, akipevuka humeza usipa.

Kumpasua samaki tumbo huonyesha mlo wa saa chache tu. Nyama yake hutunza habari za miezi. Kila ngazi ipandwapo, naitrojeni nzito (15) huongezeka mwilini kwa wastani wa sehemu 3.4 kwa elfu, ilhali kaboni nzito (13) hubadilika kidogo mno, hivyo hueleza kama chakula kilitoka mwambani au kilindini. Mwaka 1996 Harvey Bootsma na wenzake walichapisha vipimo vya namna hiyo kuhusu samaki wa kando ya ziwa hili: waliokaa mwamba mmoja hawakuwa na mlo mmoja.

Hata hivyo kipimo cha samaki pekee hakina maana. Ikiwa mbasa ana 9.8 na kome achujaye maji, aliye ngazi ya pili, ana 3, tofauti ni 6.8, yaani ngazi mbili. Mbasa yuko ya nne. Kome akiwa na 6.4, mbasa yule yule atashuka hadi ya tatu. Samadi na maji machafu yaingiayo mtoni huipandisha naitrojeni hiyo, na samaki wa mlangoni mwa mto waweza kuonekana wamepanda bila kubadili chakula. Kuazima msingi wa ziwa jingine, au hata wa ufuko mwingine, ni kujidanganya kwa tarakimu.

Yafaa basi shule za mwambao zikusanye kome na konokono katika miamba ya Liuli na mlangoni mwa Ruhuhu, kila msimu. Mashine ya kupimia ni ghali na iko mbali, lakini nyama iliyokaushwa vizuri na kusagwa husafiri bila barafu, na miligramu moja hivi yatosha.