Tabu na nafasi: tukubaliane basi!

Baridi ya Iringa inatukomesha na bumu nalo kimya, ila leo nina ugomvi na wenzangu wa kikundi.

Mnajua tunaandika programu ya kukokotoa alama kwa ajili ya shule moja kule Mbeya, tulikofanya mazoezi ya kufundisha. Tuko watano, na kila mtu na lwake. Mmoja anaingiza mistari ndani kwa tabu (na kweli ni tabu!), mwingine kwa nafasi 4, mwingine 2. Huyu anaandika jina_la_mwanafunzi, yule jinaLaMwanafunzi.

Juzi mtu kabadilisha mstari mmoja tu, wa wastani. Lakini kwanza kapanga faili zima upya, eti lipendeze. Git ikaonyesha mistari zaidi ya 300 imeguswa! Kosa likajificha humo siku mbili: jumla ya majaribio 4 ilikuwa inagawanywa kwa 5. Mtoto wa 45 anasomeka 36, C inageuka D. Jamani, hayo ni matokeo ya watoto wa watu.

Nikisema tuwe na mtindo mmoja naambiwa nabana uhuru. Uhuru gani? Sie ni walimu watarajiwa. Azimio la kazi lina safu zinazojulikana, ili ukiugua mwenzako aingie darasani aendelee ulipoishia. Sijasikia mwalimu akilia kwamba safu zinaua kipaji chake.

Na majina msiyadharau. Wajerumani walimwandika mtemi wa Wahehe Quawa, mkataba wa Versailles wa 1919 ukaandika Mkwawa. Tafuta jina moja kwenye kompyuta uone kama la pili litakuja. Ndiyo hayo hayo kwenye programu yetu.

Wakubwa wenyewe hawafanani. Mwongozo wa Python, PEP 8 wa mwaka 2001, unataka nafasi 4. Linux wanataka tabu yenye upana wa herufi 8. Lakini ndani ya kila nyumba sheria ni moja! Watu wa Go ndio walimaliza ubishi kabisa: kuna programu, gofmt, inampangia kila mtu.

Sasa hoja yangu. Nafasi 4. Majina kwa kistari cha chini. Kabla ya kutuma kazi, kila mtu aipitishe kwenye Black, ambayo inapanga Python yenyewe. Na anayetaka kupanga faili upya atume peke yake, asichanganye na marekebisho mengine.

Mtasema Black kuna mahali inapanga vibaya. Kweli, hata mie kuna mistari inaniudhi, na binafsi napenda tabu. Naiacha. Afadhali ubaya mmoja tunaoujua wote kuliko uzuri wa aina tano.

Asiyekubali aje na pendekezo lake kabla ya Ijumaa, tupige kura. Baada ya hapo, ubishi mwisho.

Nawasilisha.