Maslaha ya Sangailu: Nani Hulipwa, Nani Hunyamazishwa?

Mtu akiuawa au akijeruhiwa pande za Sangailu, Kaunti ya Garissa, mara nyingi wazee hufika kabla ya polisi. Huketi chini ya mti, wakalipima kosa kwa desturi ya Wasomali iitwayo heer pamoja na sheria ya Kiislamu, kisha wakataja fidia. Kwa desturi, dia ya mwanamume ni ngamia 100, na ya mwanamke ni 50. Hiyo ndiyo maslaha, neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua upesi, kwani ni la ukoo mmoja na suluhu.

Wako wasomi wa mjini wanaoiita desturi hii ushenzi. Hao, nadhani, hawajaiona njia ya Sangailu wakati wa mvua. Mashahidi ni wafugaji, nao hufuata malisho. Kesi ikiahirishwa mara tatu, wamekwisha kuhama. Tena jela haimlipi mjane. Muuaji hufungwa, yatima wakabaki mikono mitupu, na ami zao wangali na kisasi moyoni. Wajir ilipowaka vita vya koo mwanzoni mwa miaka ya 1990, moto haukuzimwa kwa bunduki za serikali. Walioanza kuuzima ni akina mama wa sokoni, akiwamo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, kisha wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah mwaka 1993.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze upatanisho na njia za jadi, mradi zisivunje haki za binadamu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana na ngamia na mbuzi kulipwa. Mawakili walibishana sana, na majaji wengine baadaye walikataa kuifuata njia hiyo. Mwaka 2019 afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ikatoa sera yake ya kuwaepusha baadhi ya washukiwa na kesi, kwa sharti kwamba mkosaji akubali kosa lake kwa hiari na aliyekosewa asikilizwe.

Hapo penye kusikilizwa ndipo penye kidonda. Msichana akinajisiwa, wanaoketi chini ya mti ni wanaume watupu. Yeye hayupo, wala mama yake. Ngamia huenda kwa baba na ami, na kesho msichana akateka maji kisima kimoja na aliyemharibu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini afungwe maisha. Lakini familia iliyokwisha kupokea mifugo haitoi ushahidi, na kesi hufa. Sifa ile ile ya maslaha, yaani ukoo kulipa pamoja, hapa yageuka ila: mwenye hatia hatoi hata ndama wake mwenyewe, mzigo wachukuliwa na binamu.

Kwa maoni yangu, wizi wa mbuzi, ugomvi wa kisimani na vijana waliopigana waachiwe wazee, na karani aandike yaliyokubaliwa. Ubakaji upelekwe kortini, hata kama mvua imeikata barabara, hata kama ngamia wamekwisha kugawanywa.